Dar es Salaam Hadi Mwanza: Ni Saa Zipi Zihesabiwe?

Barua iliyonifikia safari hii ina kurasa nne, nayo imeandikwa kwa mwandiko uliotulia, ingawa habari iliyomo si ya kutuliza moyo. Mwenyewe ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyezaliwa na kulelewa Mwanza. Baba yake mzazi alifariki dunia huko Mwanza alfajiri ya siku moja ya kazi. Yeye alipata habari kwa simu saa 11:30 alfajiri, akapanda ndege siku ile ile, na alipofika nyumbani kwao Igoma ilikuwa saa 10:25 jioni. Jeneza lilikuwa limetoka dakika 20 zilizopita. Wanaume walikuwa msikitini, tayari kuelekea makaburini. Wanawake wamebaki uani. Uso wa baba yake hakuuona.

Mauti ni amri ya Mungu, na kwa hilo dada yetu huyu hana neno. Linalomchoma ni kauli ya kaka yake mkubwa, aliyoitoa mbele ya wazee siku ya pili ya matanga: “Ndege kutoka Dar ni saa moja na nusu. Baba kafariki alfajiri. Saa zote hizo ulikuwa wapi?” Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili hawajuliani hali. Barua inakoma kwa swali la maneno mawili: Je, nilizembea?

Ndugu wasomaji, nimeona swali hili linastahili kujibiwa kwa hesabu, maana lililowagombanisha ndugu hawa ni hesabu.

Tuanze na umbali. Mtu akiweka rula juu ya ramani ya Tanzania, ncha moja Dar es Salaam na nyingine Mwanza, atapata mstari ulionyooka wa kilomita 850 hivi. Hiyo ndiyo njia ya ndege, ama angalau ndiyo njia ambayo ndege ingeipenda. Dereva wa basi hana njia hiyo. Yeye hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, na gurudumu lake huzunguka zaidi ya kilomita 1,100 kabla hajaliona Ziwa. Garimoshi la zamani nalo hupita njia iliyo ndefu zaidi, ya kilomita 1,200 na ushei. Sababu ni kwamba reli ile haikutandikwa kwa ajili ya Mwanza. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 wakiifuata kwa karibu njia ya kale ya misafara iendayo Tabora na Ujiji. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Kwa hiyo abiria wa Mwanza alipelekwa kwanza magharibi hadi Tabora, ndipo akageuzwa kaskazini, mfano wa mtu aendaye kwa jirani kwa kupitia nyuma ya nyumba ya tatu.

Kabla ya reli watu walikwenda kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliijua njia ya pwani kabla Mzungu yeyote hajaiandika kitabuni. Tunao ushahidi wa tarehe kutokana na safari ya Burton na Speke: waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Tabora mwezi Novemba, na mwaka uliofuata Speke akatoka Tabora tarehe 9 Julai 1858 akaliona Ziwa mahali ilipo Mwanza tarehe 3 Agosti. Ukiondoa muda waliotulia Tabora na ule waliokwenda Ujiji na kurudi, mwendo wenyewe kutoka pwani hadi Mwanza ulikula zaidi ya miezi mitano. Katika siku hizo hakuna aliyemuuliza mtoto wa marehemu alikuwa wapi. Habari yenyewe ilimfikia kaburi limekwisha kuota majani.

Wako wasomaji watakaokumbuka njia nyingine, nayo siwezi kuiruka. Miaka mingi barabara ya katikati ya nchi haikupitika vema, hasa wakati wa masika. Basi tangu mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa Februari 1977, ulipofunguliwa tena Novemba 1983, wasafiri wengi wa Mwanza na Musoma waliona ni afadhali wapite Sirari, waingie Kenya, walale au wapite Nairobi, watokee Namanga, ndipo waishike barabara ya Arusha na Moshi hadi Dar es Salaam. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 1,500. Raia alitoka mkoa mmoja wa nchi yake kwenda mwingine huku akipigiwa mihuri ya nchi ya jirani! Hali hiyo iliendelea hadi lami ya Singida na Nzega ilipokamilika kipande kwa kipande katika miaka ya 2000 na baada yake. Hapo ndipo wengi walipoona kwamba mji uliokuwa mbali kwa siku mbili unaweza kufikiwa kwa siku moja, ingawa hakuna hata mji mmoja uliosogezwa.

Siku moja hiyo nayo ina vipimo vyake. Mwendo wa basi umewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Gawanya 1,100 kwa 80 utapata takriban saa 14, nazo ni za dereva asiyesimama kupakia, kushusha, kupimwa uzito wala kunywa chai. Ongeza hayo, na saa 16 au 18 si ajabu. Dada yetu angepanda basi la saa kumi na mbili asubuhi ile, angefika Igoma usiku wa manane. Kwa hiyo hakuwa na hiari. Ilikuwa ndege au asiende kabisa.

Sasa tuitazame ile saa moja na nusu. Haikuzuliwa, ipo katika ratiba. Ndege kubwa ya jeti ikisha kufika juu na kutulia hukata kilomita 800 kwa saa, hivyo kilomita 850 zingekwisha kwa saa moja na dakika nne. Walakini ndege haianzi kwa mwendo huo. Hutambaa ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, husubiri zamu, hupanda kwa dakika 20 hivi ikiwa bado haijapata kasi yake yote, na huanza kushuka mapema kabla ya Ziwa kuonekana. Ratiba huhesabu tangu inapoondoka kwenye maegesho hadi inapozima injini upande wa pili. Ndiyo maana dakika 64 za kwenye karatasi zinakuwa 85 au 90. Ndege ya pangaboi huenda polepole zaidi: ile ya kilomita 500 kwa saa huhitaji karibu saa mbili. Zile Fokker Friendship zilizotumiwa na Shirika la Ndege la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, nazo zilikuwa za pangaboi, na abiria wake walikuwa na wasaa wa kuitazama nchi yao chini.

Hata ratiba ni ahadi tu. Tarehe 26 Februari 1982 abiria waliopanda Boeing 737 Mwanza ili waende Dar es Salaam walitekwa nyara angani. Wakapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, na safari ikaishia kiwanja cha Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha tarehe 28. Ni kisa cha peke yake, nami nakitaja tu ili tusiitazame saa iliyochapwa kama mtu anavyotazama msahafu.

Lipo jambo dogo la tiketi ambalo limewaadhibu watu wengi kuliko watekaji. Saa ya tiketi ni ya Kizungu, nayo huhesabiwa tangu usiku wa manane; sisi twahesabu tangu jua linapochomoza. Shemeji yangu mmoja alipewa tiketi iliyoandikwa 0840. Akasoma saa nane na dakika arobaini, akala chakula cha mchana bila haraka, akapiga na usingizi kidogo, akafika kiwanjani wakati ndege yake imekwisha kwenda Mwanza na pengine kurudi. Iliyoandikwa 0840 ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Siku nazo hupishana vivyo hivyo. Tiketi ya Jumatatu saa 0030 ni ya usiku wa kuamkia Jumatatu, na atakayejikusanya Jumatatu baada ya chakula cha usiku atakuwa amechelewa siku nzima.

Dada yetu hakukosea katika hayo. Siku yake nimeipanga kama alivyoieleza mwenyewe, naye ameieleza kwa dakika, kama mtu aliyeihesabu mara nyingi usiku.

Simu iliingia saa 11:30 alfajiri. Tangu hapo hadi saa 3:00 asubuhi alikuwa akitafuta nauli. Tiketi inayonunuliwa siku ya safari huwa ghali kuliko iliyonunuliwa wiki kadhaa kabla, naye hakuwa na fedha hizo. Alianza na akiba ya nyumbani, akagonga kwa majirani wawili, akaomba zamu ya upatu ipewe yeye badala ya mwenziwe, na mumewe akakopa kazini. Fedha ilipotimia, ndege ya asubuhi ilikuwa imekwisha kuruka, na nafasi iliyopatikana ilikuwa katika ndege ya saa 6:40 mchana. Alitumia dakika 20 kufunga begi na kuwakabidhi watoto. Kutoka Mbagala hadi Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, pamoja na foleni zinazofahamika, alitumia saa moja na dakika 20. Alifika kiwanjani saa 4:40, saa mbili kamili kabla ya safari, kama abiria wanavyoagizwa. Ndege haikuondoka saa 6:40. Iliondoka saa 7:35, na waliomo hawakuambiwa sababu. Ilitua Mwanza saa 9:00 alasiri, yaani baada ya dakika 85, kama ilivyoahidiwa. Alisubiri begi dakika 25. Teksi kutoka Ilemela, kupita katikati ya mji hadi Igoma, ilichukua saa nzima.

Jumla ni saa 10 na dakika 55. Kati ya hizo ndege yenyewe ilichukua saa moja na dakika 25, sehemu moja tu kati ya nane, au zaidi kidogo ya hapo. Kaka mtu alihesabu sehemu hiyo moja, akamdai dada yake zile saba.

Saa tatu na nusu za kutafuta nauli ndizo zinazonisumbua zaidi, maana hazimo katika ratiba ya shirika lolote, nazo ndizo zilizomkosesha ndege ya asubuhi. Barua inasema kwamba ilipofika saa moja asubuhi, huko Igoma ndugu na majirani walikuwa wamekwisha kuchanga fedha za sanda, za maturubai na za chakula cha waombolezaji. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliye mbali naye ni mfiwa, na kwamba nauli yake ni sehemu ya gharama za msiba kama ilivyo sanda. Siku hizi fedha husafiri kwa simu kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha maji ya chai. Mchango wa kwanza wa asubuhi ile ungetumwa Mbagala saa kumi na mbili, mtoto wa marehemu angekuwa Mwanza kabla ya Adhuhuri. Kama kuna uzembe katika habari hii, mimi nauona hapo, tena si wa mtu mmoja.

Lipo jingine ambalo nimelisita kuliandika, lakini dada yetu ameuliza ukweli. Alikosa kuuona uso wa baba yake kwa dakika 20, na alisimama dakika 25 akingojea begi. Ndani ya begi hilo mlikuwa na mchele, sukari na khanga alizopewa na majirani zake kwa ajili ya matanga. Ni vitu vya heshima, na asiyevichukua angesemwa. Walakini mtu awahiye maziko aende na mkoba wa mkononi tu, atoke mlangoni mara ndege inapofunguliwa. Mchele upo Mwanza. Simlaumu, maana ni nani angemwambia? Naliandika kwa ajili ya msomaji ambaye simu yake bado haijalia.

Sasa tumgeukie kaka, maana naye amefiwa, tena mzigo wa kuamua ulikuwa juu yake. Alitangaza kwamba jeneza litatoka kwa sala ya Alasiri, akiamini kwamba saa hiyo dada yake atakuwa amekwisha kupumzika. Bila kukusudia alimpa hata nyongeza kidogo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne, na Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi sita na robo. Kwa hiyo jua hufika kichwani Mwanza dakika 25 baada ya kufika kichwani Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani katika miji yote miwili zinasema namna moja. Adhana nazo hufuata jua. Wafungao Ramadhani wanalijua hilo vema: anayefunga Mwanza husikia kwa redio watu wa Dar es Salaam wakifuturu, naye bado ameitazama tende yake. Kwa Magharibi tofauti huzidi nusu saa kidogo mwezi Juni na kupungua hadi dakika 17 hivi mwezi Desemba. Dakika hizo za jua zilikuwa upande wa dada yetu, na zilimezwa zote na ule ucheleweshaji wa dakika 55, ambao haukuwa wake.

Je, kaka angeweza kungoja? Dini inahimiza maiti azikwe mapema, nami si sheikh. Jambo la sheria waulizwe wenye elimu yao. Ninachoweza kukisema ni cha saa tu. Mwanza, kati ya Alasiri na Magharibi mna zaidi ya saa mbili na nusu za mwanga. Ilipofika saa kumi kasorobo dada yake alikuwa ndani ya teksi, na simu yake ilikuwa wazi. Barua inasema hakupigiwa. Wala yeye hakupiga, akidhani wanajua aliko. Kila mmoja alikuwa ameshika simu mkononi akimngojea mwenziwe, na katikati yao mlikuwa na kilomita zisizotimia kumi.

Nadhani kosa hili litazidi kuwapata watu kadiri vyombo vinavyozidi kwenda mbio, kwa sababu tunalipima shirika la ndege na kuisahau nyumba. Kwa safari fupi hesabu hata hugeuka. Treni mpya ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi Julai 2024, mwendo wake wa saa tatu na nusu hivi ulitosha kuwafanya wasafiri wengi wajiulize ya nini kwenda kiwanjani saa mbili kabla, kwa ajili ya saa moja na kidogo ya kukaa angani. Kwa Mwanza hali bado si hiyo. Mwaka huo wa 2024 vipande vya reli hiyo kuelekea Ziwa vilikuwa vingali katika ujenzi. Ndege bado ndiyo ya kuwahia msiba, basi aliye Mwanza akiulizwa ndugu wa Dar es Salaam atafika lini, asijibu saa moja na nusu. Ahesabu saa sita tangu nauli inapokuwa mkononi na ndege yenye nafasi inapojulikana, yaani tatu na nusu za kufika kiwanjani na kusubiri, moja na nusu ya angani, na moja ya kutoka kiwanjani hadi mlangoni. Kisha aongeze saa moja ya dharura. Aliye Dar es Salaam naye apige simu mara nne: anapopata tiketi, ndege inapochelewa, anapotua, na anapopanda teksi.

Kwa swali lako, dada: la, hukuzembea. Hesabu yako nimeiandika kwa mkono katika karatasi mbili, dakika kwa dakika, kuanzia saa 11:30 alfajiri. Moja nimeitia posta kwa anwani yako ya Mbagala. Ya pili nimeipeleka Igoma kwa jina la kaka yako, na ndani ya bahasha nimetia stempu ya kujibia, si kwangu, bali kwako.